Ile "S" Imekwenda Wapi?

Ndugu wazazi na wanafunzi,

Hapa Karusandara nilikuwa najaza fomu ya watoto wa madrasa kwenye tovuti moja. Ukurasa wa kwanza, wa majina, anwani yake ilianza na https. Nilipobonyeza "endelea" ili niandike simu za wazazi, mwanafunzi aliyekaa pembeni akasema, "Maalim, ile s imeondoka!" Kweli, tulikuwa tumehamishiwa kwenye http kimya kimya.

Tofauti ni hii: http hupeleka maneno yako waziwazi, kama barua isiyo na bahasha, na mtu mwenye ujuzi aliye kwenye waifai moja nawe anaweza kuyasoma. Https huyafunga njiani. Mwenye tovuti anatakiwa amhamishe kila mgeni kutoka http kwenda https, kwa kurasa zote, si ule wa nywila peke yake. Cheti chake Let's Encrypt wanakitoa bure tangu 2015, basi gharama si udhuru.

Lakini tahadharini: https hulinda njia tu. Hata tapeli anaweza kuwa nayo.

Fomu ile tuliiacha, majina nikayapeleka mwenyewe Kasese. Habari za mtoto wa mwenzio ni amana, na amana tumeamrishwa kuifikisha kwa mwenyewe (An-Nisaa: 58). Itazameni ile s kila ukurasa, si wa kwanza tu.

Wabillahi tawfiq.