Flashi ya mjomba na timu ya Lionja

Wale wa Kemia na Bailojia najua mmezama kwenye ripoti za maabara, na sisi wa Historia na Kiswahili tunasubiri boom kama kawaida yetu. Wengi mmeniuliza likizo nilikuwa nafanya nini kijijini mpaka nikawa sipatikani hewani. Jibu ni fupi: nilikuwa fundi wa PlayStation 2. Msicheke, ndani yake kuna shule kidogo.

Kwa wasiojua, kwetu ni Lionja, Wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, jirani na wenzetu wa Ruangwa. Hela huku inakuja na korosho, halafu inakuja kidogo na ufuta, halafu inasahau njia. Mjomba wangu ana kibanda cha gemu: TV moja ya chogo, PS2 moja nyembamba, pedi mbili na benchi. Mechi moja shilingi 200. Hizo miambili miambili ndizo zinazonunua sukari na madaftari ya watoto msimu wa korosho ukiisha. Na kwa sisi Wamwera, mjomba akikuita husemi una asaimenti.

Shida ilikuwa jicho. PS2 inasoma CD kwa lenzi (kitaalamu ni DVD, ila sisi zote tunaita CD), na lenzi ni kitu cha kuchoka. Vumbi la huku nalo halina huruma. Kwanza gemu likawa linakwama katikati ya mechi, baadaye ukiweka CD inakuja ile skrini nyekundu ya kukuambia CD haitambuliki. Lenzi ikaagizwa Dar, ikaja iliyokwisha kutumika, ikafa kabla mwezi haujaisha. Nilipofika mjomba alishaanza kutafuta mtu wa kumuuzia TV.

Mtasema, si watoto wacheze kwenye simu? Hata mimi niliuliza hivyo. Ndipo dogo mmoja wa darasa la saba akaniambia, "Ticha, kwenye simu hatumo."

Hatumo kivipi? Nikaonyeshwa memori kadi. Gemu lao ni PES 6, lile la mwaka 2006. Lina sehemu ya kuhariri timu: unabadili majina, jezi, wachezaji. Kwa miaka kadhaa vijana wa kibandani wamekuwa wakiandika humo, herufi moja moja kwa pedi. Simba na Yanga wamo. Namungo ya Ruangwa imo, iliingizwa ilipopanda Ligi Kuu 2019, na ilipofika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21 wakaipandisha viwango bila aibu. Na imo timu inaitwa LIONJA, wachezaji wote ni wao wenyewe. Wengine wamekwenda Dar kutafuta maisha, mmoja ametangulia mbele za haki. Jina lake bado limo, namba 9. Kila ikichezwa LIONJA anaanza yeye, hawezi kukaa benchi.

Yote hayo yako kwenye kadi ya megabaiti 8. Lakini kadi bila gemu haifunguki, na gemu bila jicho halisomeki. Hapo nikaelewa ninachoombwa.

Sasa somo lenyewe. Mashine kama hizi za zamani siku hizi zinafufuliwa kwa kumbukumbu za kisasa. Zile zilizotumia kaseti zina vifaa kama EverDrive, vya mtaalamu wa Ukraine: unapachika kadi ndogo ndani ya kaseti moja, mashine inaona magemu kibao. PS2 haihitaji hata kaseti, ina matundu mawili ya flashi hapo mbele. Kinachohitajika ni programu ya kuifungulia mlango. Ya kwanza ni Free McBoot, ilitoka 2008, inakaa kwenye memori kadi na kuamka mashine ikiwashwa. Ya pili ni Open PS2 Loader, ndiyo inayosoma gemu kutoka kwenye flashi kana kwamba kuna CD. Jicho linabaki limelala, halina kazi tena.

Kabla ya kutoa hela, geuza mashine usome namba chini. Free McBoot inakubali karibu PS2 zote, isipokuwa baadhi ya zile za mwisho za SCPH-90000. Ya mjomba ilikuwa ya kabla ya hizo. Kadi ikiwa tayari imeshatiwa programu nilimwagiza rafiki yangu Kariakoo, ikaja na basi. Flashi nilikuwa nayo, ile ya noti za Saikolojia ya Elimu. Noti zikahamia kwenye simu.

Kazi ngumu ilikuwa gemu lenyewe. Ningeweza kushusha PES yoyote intaneti, lakini gemu hujua data zake kwa namba yake ya utambulisho. Ukileta toleo la nchi nyingine, linaiona kadi kama tupu na LIONJA haipo. Ilibidi litoke kwenye CD ileile iliyochubuka. Kompyuta za siku hizi hazina sehemu ya CD, kwa hiyo nikaibeba mpaka Nachingwea mjini kwenye steshenari yenye kompyuta ya zamani. Tukaiosha kwa maji na sabuni, tukaifuta kutoka katikati kwenda nje (kamwe si kwa kuzungusha), tukainakili kwa ImgBurn. Mara ya kwanza ilikwama. Mara ya pili ikaenda mpaka mwisho, na mimi nikanunua soda ya watu wawili.

Mambo matatu ya kuzingatia kwa mtakaojaribu. Moja, flashi ikiwa ya FAT32 haipokei faili la kuzidi gigabaiti 4. Gemu kubwa kama God of War II lazima ulikate vipande, au utumie toleo jipya la programu linalosoma exFAT. Mbili, faili lisitawanyike: futa flashi yote kwanza, kisha weka magemu moja baada ya jingine. Tatu, msitegemee mbio. Tundu la PS2 ni USB 1.1, kwa matumizi ya kawaida kama megabaiti moja tu kwa sekunde, wakati msomaji wake wa DVD anafika karibu tano. Flashi yako hata iwe mpya kiasi gani, itapita kwenye mlango mwembamba. Video za mwanzo zinakatakata, ila mechi ikianza mpira unatembea vizuri.

Kadi ya Free McBoot tukaiweka tundu la kwanza, ya vijana tundu la pili. Kibanda kilijaa na hakuna aliyelipa. Orodha ya timu ilipofunguka wakawa wanasoma majina kwa sauti mpaka walipofika LIONJA. Namba 9 alikuwepo. Mjomba alitoka nje akasema anakwenda kuangalia kuku.

Mwanasheria wa hosteli ataniuliza hakimiliki. Yuko sahihi kuuliza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na gemu ni la Konami. Kunakili kazi ya mtu ukaichezesha kwa hela si halali, na CD za vibandani ni nakala tangu siku ya kwanza. Sony waliacha kutengeneza PS2 tangu mwanzo wa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 155, na duka la kuuza PES 6 mpya halipo Nachingwea wala Dar. Hilo halifuti sheria. Linaeleza tu kwa nini kitu kikifa huku hakuna wa kukitunza ila wenye nacho.

Na mimi nina upande wangu kama mwalimu mtarajiwa. Nilimwambia mjomba, kwa adabu zote, kwamba nafanya kazi hii bure kwa sharti moja: kibanda kisifunguliwe mpaka shule itoke. Alinuna siku mbili, akakubali. Dogo wa darasa la saba nimemwachia daftari lenye majina yote ya timu na hatua zote za kunakili, kwa mwandiko wake mwenyewe, maana mwalimu wake aliniambia hapendi kuandika. Kurasa kumi na moja, wadau. Tunafundishwa humu kuanza na kinachojulikana kwenda kisichojulikana. Kinachojulikana na huyu ni namba 9.

Flashi moja ya akiba iko kwenye sanduku la mama, imefungwa kwenye nailoni, na ndani yake kuna nakala ya kadi pia. Wenye vibanda kwenu, nakilini kadi kabla ya kununua lenzi. Mwenye swali anikute kantini baada ya semina ya saa nane, na anayetaka kunilipa, chipsi mayai zinatosha.