Mtazamaji na Kiti cha Hakimu: Picha za Waliohukumiwa Ukambani

Mtu aliyepatikana na hatia anapokabidhiwa kamera ili asimulie adhabu yake, si lazima apige sura yake. Aweza kupiga jembe, kizingiti cha nyumba, au kiti kisichokaliwa. Upigaji picha shirikishi, ambao Caroline Wang na Mary Ann Burris waliuendeleza pamoja na wanawake wa vijijini wa Yunnan, China, katika miaka ya 1990, humwachia mhusika uamuzi wa kipi kionekane na kipi kisitirike. Suala linalomkabili mhakiki ni namna hadhira inavyolipokea jembe hilo.

Hans Robert Jauss alishikilia mwaka 1967 kwamba kazi ya sanaa hupokelewa kwa mujibu wa upeo wa matarajio ya hadhira. Katika Kitui na Makueni, upeo huo una historia. Kwa nyimbo za kejeli ziitwazo myali, Wakamba walimsuta mkosaji hadharani, na wasikilizaji wakawa mahakama. Aidha, tangu sheria ya mwaka 1998 kuhusu amri za huduma kwa jamii, anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 aweza kuamriwa kufanya kazi ya umma bila ujira. Majirani humwona akipanda miti au akikarabati shule. Amekwisha kutazamwa kabla ya kushika kamera.

Iwapo basi picha ya jembe itatundikwa ukumbini mjini Kitui au Wote, swali la kwanza la mtazamaji si gumu kulikisia: "Alifanya nini?" Picha hailijibu. Ukimya huo si upungufu wa kisanaa. Ndio unaomnyima mtazamaji kiti cha hakimu alichokizoea, akabaki na mpini uliolainishwa na viganja vya mtu.

Wasomi wa Kiswahili wamezoea kukisoma kifungo kupitia Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kwa sababu za kisiasa kuanzia 1969 hadi 1972. Kosa lake lajulikana, nalo humpa heshima. Mwizi wa mbuzi hana heshima hiyo. Kumhurumia ni kugumu zaidi, na kwa sababu hiyo picha yake huipima hadhira kwa undani zaidi.

Hata hivyo, miongoni mwa watazamaji huenda yumo mwenye mbuzi, naye hakupewa kamera. Akiondoka bila kusema neno, mhakiki asiharakishe kuuita ukimya wake msamaha.