Nilivyotaka Kuacha Fizikia

Wengi wetu hudhani kwamba ukishachaguliwa kuingia kidato cha tano, kazi kubwa imekwisha. Hata mimi nilidhani hivyo. Nataka kuwasimulia wenzangu yaliyonipata, maana kila mwaka huwaona wageni wa kidato cha tano wamesimama mlangoni pa mwalimu wa taaluma, barua mkononi, wakitaka kubadili tahasusi.

Kwetu ni Mpale, huko milimani katika wilaya ya Korogwe. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2023. Mwezi wa Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya, zote pamoja zikawa 65, tukapewa nafasi ya kubadili tuliyoyachagua awali. Mimi sikubadili kitu. Nilibaki na PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa kuwa nilitaka udaktari. Majina yalipotoka, baba alipita nyumba hadi nyumba akitoa habari, na mama akauza maharage aliyoyaweka kwa mbegu ili ninunuliwe godoro na tranka.

Basi, Julai nikaripoti shuleni. Katika jaribio la kwanza la Fizikia nikapata alama 18 katika 100. Usiku ule nikajiambia: nafasi ninayo tayari, hakuna atakayeninyang'anya, ya nini kujitesa? Nikaamua kuhamia CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, ili nibaki katika sayansi lakini niepukane na Fizikia. Nikaandika barua ya maombi kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mwalimu wa taaluma aliisoma, akaiweka mezani.

"Unataka kuwa nani?"

"Daktari wa binadamu, Mwalimu."

Hakunigombeza. Alinieleza kwamba Muhimbili na vyuo vingine vinapochagua wanafunzi wa kidato cha sita kusomea udaktari huo, hudai wawe wamefaulu masomo yote matatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia. CBG ni tahasusi njema kwa mwenye kutaka kilimo, misitu au ualimu, lakini kwa safari yangu mimi haifiki. Kisha akanirudishia karatasi yangu. "Barua hii inasema unachokikimbia, haisemi unakokwenda. Iandike upya, nami nitaipokea."

Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja alipeleka barua yake siku ile ile, akakubaliwa. Yeye alitaka kilimo tangu zamani. PCB alichaguliwa na jamaa zake. Alifanya sawa. Mimi nilijaribu kuandika upya mara tatu, na kila mara kalamu ilirudi pale pale: Fizikia ni ngumu.

Kumbe taabu yangu ilianza mbali. Nilikotoka tulikaa muda mrefu bila mwalimu wa Fizikia, tukijisomea wenyewe. Kaka mmoja wa kidato cha sita aliponipima, aliniambia nirudie vitabu vya kidato cha tatu. Niliona haya. Nilivifunika kwa gazeti ili wenzangu wasivitambue, nikavisoma alfajiri kabla ya kengele.

Mwisho wa muhula nikapata 34. Muhula uliofuata 46. Si alama za kujivunia, na huenda mtihani wa taifa ukanishinda. Lakini nikishindwa, nitajua nimeshindwa katika njia niliyoichagua mwenyewe, wala mama hatauliza mbegu zake zilikwenda wapi.

Wenzangu, kubadili somo si kosa. Ila kabla ya kupeleka barua, ulizeni kwanza mlango mnaoufunga ni upi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; mimi niliinama hadi kidato cha tatu, na gazeti nimekwisha kuliondoa kwenye vitabu vile.