Safari Yangu Chini ya Mwamba wa Mombasa

Mtu wa bara anapofika Mombasa mara ya kwanza, haikosi mwenyeji wake atampeleka Marikiti. Ndivyo nilivyofanyiwa mimi nilipopata likizo ya wiki mbili mwezi wa Januari, nikafikia kwa shemeji yangu katika mtaa wa Bondeni. Soko hili lilijengwa mwaka 1914 likapewa jina la Mackinnon, lakini wenyeji hawana habari na jina hilo. Kwao ni Marikiti tu. Magunia ya bizari, iliki, mdalasini na pilipili manga yamefunguliwa midomo, na harufu yake humlaki mtu kabla hajafika mlangoni. Nje huuzwa maembe, mananasi na madafu, na hatua chache kutoka hapo ni maduka ya leso.

Safari yangu ilianzia katika duka la viungo. Siku ile meli kubwa ya watalii ilikuwa imefunga Kilindini, na abiria wake walikuwa wakitembea sokoni makundi makundi. Mama mmoja Mzungu, mwenye umri wa kunizaa, alikuwa akingoja kupimiwa iliki kama nilivyokuwa nikingoja mimi, tukazungumza. Aliniambia kwamba kabla ya kufika kwetu meli yao ilipita kisiwa cha Réunion, kilicho mashariki ya Madagaska, chini ya serikali ya Ufaransa. Kisiwa hicho ni cha milima ya volkano. Mlima wake mkuu, Piton des Neiges, umepita mita 3,000, na mito yake imechimba makorongo marefu sana. Wageni hupelekwa huko kwa mchezo wa kushuka makorongo. Mtu huvaa kofia ngumu na vazi la mpira, hufungwa kamba kiunoni, kisha huufuata mto baina ya kuta za mawe, mahali pengine akiteremka pamoja na maporomoko yenyewe, na mahali pengine akiruka dimbwini.

Nikamwuliza kama hakuogopa. Akasema, "Nilitetemeka tangu juu hadi chini." Kisha akalipia iliki yake akaenda zake.

Maneno hayo yaliniingia moyoni, kwa kuwa mimi ni mwoga wa maji, na sababu ninayo. Kwetu Kitui mito mingi ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Mvua ikinyesha mbali vilimani, maji hushuka kwa ghafula, na yule aliye mtoni hajaona hata wingu. Nilipokuwa darasa la tano tulifika mtoni siku moja tukitoka shuleni, maji yakiwa yamefika magotini. Wavulana wakubwa wakavuka. Mwenzetu mmoja akasita, nasi tukamcheka. Nasema "tukamcheka" kwa sababu nami nilicheka. Basi akaingia. Alipofika katikati maji yakaongezeka, na baadaye tuliuona mfuko wake wa vitabu tu, umenaswa katika mti.

Tena jambo hili si la Kitui peke yake. Katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, mafuriko ya namna hiyo yaliua watu saba mwaka 2012, na watu saba wengine mwaka 2019, nao walikuwa wamekwenda kutembea kwa furaha tu.

Hata hivyo, nina mtoto wa kiume wa miaka tisa ambaye kila mara huniomba ajifunze kuogelea, nami kila mara humkataza bila ya kumweleza sababu. Nilipokuwa nimesimama pale Marikiti na kifurushi changu cha viungo, niliona kwamba hofu yangu nimeanza kumrithisha.

Nilipotoka dukani, kijana mmoja wa mashua akanifuata. Akaahidi kunipitisha chini ya mwamba wa Mji wa Kale kwa bei nafuu, tena saa ile ile. Nilipomwuliza habari za jaketi la kuokolea, alicheka akasema, "Ah, ndugu yangu, mwanamume mzima!" Wasomaji, sitawaficha: nilitaka kwenda. Hofu ya kuchekwa ilikuwa imeishinda hofu ya kufa. Nilikwisha kutia mkono mfukoni kutoa fedha, shemeji yangu akanishika kiwiko akasema, "Twende kwanza kwa nahodha."

Nahodha huyo ni mzee wa makamo ya babu, tukamkuta barazani akinywa kahawa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wajua kuogelea?"

"Sijui."

"Waogopa?"

Niliona haya kujibu mbele ya watu waliokuwapo, lakini nikasema, "Naogopa sana, mzee."

"Vyema," akasema. "Asiyeogopa mimi simchukui."

Hata hivyo hakukubali twende siku ile. Mwezi mpevu ulikuwa umepita siku tatu tu, na bahari ilikuwa ya bamvua. Akanieleza, nami nawaelezeni kama alivyosema. Mwezi unapokuwa mpevu, na tena unapoandama, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Ndipo maji hujaa sana na kupwa sana, na kwa Mombasa tofauti yake yaweza kukaribia mita nne. Maji mengi namna hiyo yakipita katika mlango mwembamba baina ya kisiwa na bara hukimbia kama mto. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu. Tofauti hupungua ikawa kama mita moja na kidogo, na mkondo hupoa. "Bahari ina siku zake," akasema. "Njoo Jumamosi, saa nne, maji yakiwa yamejaa na kutulia." Nikakumbuka mto wetu. Laiti siku ile tungalikuwa na mtu mzima wa kutuambia, "Leo sivyo, ngojeni."

Jumamosi tulipita Ndia Kuu, njia kubwa ya Mji wa Kale, chini ya roshani za mbao na kando ya milango ya nakshi, mpaka tukafika penye Nyumba ya Leven. Jina hili latokana na manowari ya Kiingereza iliyofika Mombasa mwaka 1824 chini ya Kapteni Owen, ambaye aliuweka mji chini ya himaya ya Waingereza. Himaya hiyo ilidumu mpaka mwaka 1826 tu. Hapo pana ngazi na njia iliyochimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe, ishukayo mpaka ufukoni, nako kuna kisima cha maji matamu karibu kabisa na maji ya chumvi.

Njia ile ilikuwa korongo langu. Giza lilikuwamo, vipandio vilikuwa na unyevu, na kutoka chini nilisikia bahari ikigonga jiwe. Magoti yangu yalilegea, nikasimama. Nahodha hakucheka wala hakunihimiza. Alisema tu, "Weka mguu pale nilipouweka mimi." Nikaweka, kisha nikaweka tena, hata nikaona mwanga, na mashua ikingoja.

Kabla ya kung'oa, nahodha alinivika jaketi akavuta mikanda yake mara mbili. Tukapita chini ya mwamba, nyumba zikiwa juu yetu, mpaka mbele ya Ngome ya Yesu, waliyoanza kuijenga Wareno mwaka 1593. Wao pia walikata njia katika mwamba, kutoka ndani ya ngome hadi upande wa bahari. Waarabu wa Omani walipoizingira ngome tangu mwaka 1696 hadi 1698, msaada wa waliokuwamo ulitoka baharini. Meli moja ya msaada huo, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na wataalamu wakaichunguza chini ya maji tangu mwaka 1977 hadi 1980. Niliposikia hayo niliushika ubavu wa mashua kwa nguvu zaidi.

Nahodha akafunga kamba penye mashua, akanipa ncha yake. "Sasa shuka. Ukisema basi, nakuvuta." Nikashuka polepole, maji yakanifika kifuani, kisha shingoni. Pumzi ilinikatika. Nilikuwa karibu kabisa na mashua, lakini niliona kana kwamba niko katikati ya bahari kuu. Nahodha akatabasamu akasema, "Maji ya kifuu, bahari ya chungu." Watu wote wakacheka, na kwa mara ya kwanza nilicheka pamoja nao. Nilihesabu mpaka mia moja, kisha nikasema, "Basi." Akanivuta mara moja kama alivyoahidi.

Ndugu zangu mfikao Mombasa, nendeni Marikiti, na baharini nendeni pia, maana ni pazuri. Lakini mtafuteni mtu aulizaye kwanza kama mwaogopa, nanyi mwambieni kweli. Yule acheaye swali la jaketi, mwacheni na mashua yake.

Jioni nilimpigia simu mwanangu. Akaniuliza, "Baba, uliogopa?" Nikamjibu, "Niliogopa, nikamwambia nahodha." Kisha nikamweleza habari za mto na za mfuko wa vitabu. Mwezi uliofuata nilimwandikisha kujifunza kuogelea, nami nikajiandikisha pamoja naye. Darasa letu lina watoto kumi na mmoja na karani mmoja.