Makopo manne ya mama na kidumu cha maji

"Kamwene, mwanangu. Imerudi tena."

Mama hakuhitaji kunieleza ni nini kilichorudi. Ndani ya mwaka mmoja, yeye ambaye ni mkulima wa mpunga Madibira, wilayani Mbarali, alikuwa ameambiwa mara tano kwamba ana UTI. Mara tano alipewa dawa, akapata nafuu ya wiki chache, kisha mkojo ukaanza kumchoma upya. Kijijini ugonjwa wake ulishapata jina: UTI sugu.

Safari hii alikuwa na habari mpya. Mama mmoja wa kikoba chao alikuwa akiuza virutubisho, vidonge 60 kwenye kopo, Sh85,000, vya "kusafisha kibofu ili UTI isirudi maisha". Alinitumia picha ya kopo kwa WhatsApp.

"Wewe ndiye unayeandika mambo ya afya," akasema. "Nisomee hapo. Kama ni nzuri nichukue."

Nilikuwa kwenye daladala natoka kazini. Nikaikuza picha, nikaona maneno mawili niliyowahi kuyasikia: kranberi na D-manosi. Nikamjibu, "Havina madhara mama, jaribu." Nikatuma hela. Mwezi uliofuata nikatuma tena, na uliofuata tena.

Msomaji nisiyemjua angeniuliza swali hilo, ningewapigia madaktari wawili kabla ya kuandika sentensi moja. Mama yangu mzazi nilimjibu kabla daladala haijafika kituoni.

Januari nilikwenda nyumbani. Nilikuta makopo matatu matupu juu ya kabati, na la nne limefunguliwa. Hilo alilinunua mwenyewe, kwa kuuza mpunga aliokuwa ameuweka kwa ajili ya ada ya mdogo wangu. Usiku ule nilimsikia akitoka kwenda chooni mara sita.

Asubuhi tulikwenda kupandikiza. Kwa asiyepafahamu, skimu ya Madibira inanyweshwa na maji ya mto Ndembera, na ukisimama katikati yake unaona majaruba hadi macho yanachoka. Hakuna kichaka wala choo karibu. Saa sita nilimpa mama maji, akayakataa.

"Nikinywa nitajisaidia wapi? Huku wanaume, kule njia."

Tangu chai ya alfajiri hakunywa kitu hadi tuliporudi saa kumi jioni, na mkojo aliubana muda wote huo. Wanawake wenzake saba waliokuwa kwenye mstari ule walifanya hivyohivyo. Kumbe nilikuwa nimetuma hela za vidonge miezi mitatu bila kumuuliza mama anakunywa maji kiasi gani.

Ndipo nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Nikasoma na kuuliza.

Kranberi si uongo mtupu. Ni tunda dogo jekundu la nchi za baridi, na lina kemikali zinazowazuia bakteria kujishika kwenye ukuta wa kibofu. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2023, yaliyokusanya tafiti 50, yalionesha kwamba kwa wanawake wanaopata UTI mara kwa mara linapunguza uwezekano wa kuugua tena kwa takriban robo. Lakini kazi yake ni kusaidia kukinga. Halitibu maambukizi ambayo yameshaingia, na mama alikuwa akilimeza huku anaumwa.

D-manosi, ambayo ni aina ya sukari, ina habari mbaya zaidi. Nchini Uingereza wanawake 598 waligawanywa makundi mawili, wengine wakapewa gramu 2 kila siku kwa miezi sita, wengine unga usio na dawa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalikuwa hivi: kati ya waliotumia D-manosi, asilimia 51 walirudi kwa daktari na dalili za UTI. Kwa wasioitumia ilikuwa kama asilimia 56. Watafiti walisema tofauti hiyo haitoshi kuwashauri wanawake waitumie.

Maji nayo yamepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wanawake 140 wenye UTI za kujirudia, waliokuwa wakinywa chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu kila siku kwa mwaka mzima. Waliongezewa waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Hakuna anayekuja kwenye kikoba kuuza maji.

Lakini swali lililoninyima usingizi lilikuwa jingine: je, mara zote tano ilikuwa UTI kweli? Utafiti wa HATUA, uliofanyika Tanzania, Kenya na Uganda, Mbeya yetu ikiwemo, uliwapima watu zaidi ya 7,500 wenye dalili za UTI. Mkojo ulipooteshwa maabara, ni kama 35 tu kati ya kila 100 waliokutwa na maambukizi hayo. Na karibu nusu ya bakteria waliopatikana walikuwa sugu kwa dawa za aina nyingi.

Nikampeleka mama kwenye hospitali yenye maabara ya kuotesha mkojo. Daktari alimuuliza mambo ambayo hakuwahi kuulizwa dukani. Alikoma hedhi lini? Baada ya hapo uke na njia ya mkojo hukauka, huchoma, na maambukizi hupata mwanya. Wapo wanaosaidiwa na krimu ya homoni ya estrojeni wanayoandikiwa na daktari. Je, amepima kisukari? Je, amewahi kukojoa damu? Kichocho cha kibofu nacho huleta maumivu na damu kwenye mkojo, na dawa yake ni tofauti kabisa.

Majibu yalitoka baada ya siku tatu. Walikuwepo bakteria aina ya E. coli, na dawa mbili kati ya zile alizokuwa akipewa mara kwa mara hazikuwa zikiwafanya chochote. Akaandikiwa inayofaa, akamaliza dozi.

Sisemi mama amepona moja kwa moja. Tangu wakati huo imemrudia mara moja, akaenda kupima kwanza. Siwaambii pia kwamba kila kirutubisho ni utapeli. Mwenye uwezo wake anaweza kumuuliza daktari kuhusu kranberi. Ila kabla hujamtumia mama, dada au binti yako hela ya kopo, muulize maswali manne: Mkojo umeoteshwa? Unakunywa maji kiasi gani? Unaubana mkojo kwa muda gani? Choo kiko wapi? Binti wa shule anayekwepa choo kichafu hadi arudi nyumbani, naye muulize. Na akiwa na homa, maumivu ya ubavuni, kutapika au ujauzito, asisubiri kopo wala ushauri wa simu. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Kabla sijaondoka, mama na wenzake walisimamisha miti minne pembezoni mwa majaruba, mbali na mfereji, wakachimba shimo na kuzungushia turubai kuukuu. Siku iliyofuata mama alikwenda shambani na kidumu cha lita tatu.

Saa sita alikunywa, akafuta mdomo, akanitazama.

"Mwanangu, hili la maji si ungeniambia tangu ile siku ya picha?"

Sikuwa na jibu. Nilimpokea kidumu, nami nikanywa.