Msikiti Mkongwe wa Cedar Rapids

Mara nyingi zitajwapo habari za misikiti mashuhuri, fikira zetu huenda Kairo, Istanbul na Kordoba. Leo twawaalika katika mji mdogo ulio katikati ya Marekani, jimbo la Iowa, nchi ya mashamba ya mahindi, ambako umesimama msikiti wa mbao usiozidi ukubwa wa nyumba ya jirani yake.

Mji wenyewe waitwa Cedar Rapids. Ulitambuliwa rasmi mwaka 1849, na jina lake latokana na mahali ambapo Mto Cedar wapita kwa kasi juu ya mawe. Nguvu ya maji hayo ndiyo iliyoendesha vinu vyake vya kwanza, na hata leo kiwanda kikubwa cha nafaka chasimama kando ya mto. Mgeni huonyeshwa jumba la ukumbusho wa askari lililojengwa kisiwani, katikati ya mto, lenye dirisha la vioo vya rangi lililochorwa na Grant Wood. Kisha benki ya matofali ya mwaka 1911, kazi ya Louis Sullivan. Ni majengo mazuri, walakini si hayo yaliyotuleta.

Tangu mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Sham, kutoka sehemu ambazo sasa ni Lebanon na Syria, walianza kufika mji huu. Hawakuwa na mtaji. Walibeba mizigo ya sindano, nyuzi na vitambaa mgongoni, wakatembeza mashambani nyumba kwa nyumba, na baadaye waliojaliwa wakafungua maduka ya vyakula. Waislamu miongoni mwao walisali kwanza katika jengo la kukodi. Kisha, katika ule msukosuko mkubwa wa uchumi, wakati benki zilipokuwa zikifungwa na wakulima wakinyang'anywa mashamba, wachuuzi hawa wakajenga msikiti wao wenyewe. Ulikamilika Februari 1934.

Tazama umbo lake: kuta za mbao zilizopakwa rangi nyeupe, kama shule za mashambani za nchi ile, na juu ya mlango kuba dogo lenye hilali. Chini yake pana chumba cha mikutano. Haukuwa wa kwanza kujengwa katika Marekani, kwani Waislamu wa Ross, North Dakota, walijenga wao mwaka 1929. Lakini ule ulivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Miongoni mwa majengo yaliyojengwa kwa nia ya kuwa msikiti na ambayo yasimama hata sasa, huu ndio mkongwe kuliko yote, na kwa hiyo waitwa Msikiti Mama wa Amerika.

Hapa pana jambo la kuhuzunisha. Jamaa walipoongezeka, walijenga kituo kikubwa zaidi, kikafunguliwa mwaka 1971, na msikiti mkongwe ukauzwa. Ukawa ukumbi wa vijana, ukawa kanisa, kisha ukaachwa uchakae. Sisi tuliosomeshwa madhehebu ya Shafii twafahamu kwamba msikiti uliowekwa wakfu hauuzwi hata ukibomoka. Wanavyuoni wa Hanbali wameruhusu, manufaa yake yakikoma, uuzwe na thamani yake iwekwe katika msikiti mwingine. Hatutoi fatwa, ila ni vigumu kusoma habari hii bila ya kuona uchungu. Alhamdulillahi, mwanzoni mwa miaka ya 1990 Baraza la Kiislamu la Iowa liliununua tena na kuutengeneza, na mwaka 1996 serikali ikauandika katika orodha ya taifa ya mahali pa historia.

Juni 2008 mto ulifurika kuliko ilivyopata kuonekana. Maji yalijaa katika chumba cha chini, yakaharibu vitabu, picha na maandishi ya miaka mingi. Chumba cha kusalia, kilicho juu, kikasalimika.

Nje ya mji pana makaburi ya Waislamu, yaliyotengwa mwaka 1948. Maiti wamelazwa wakielekea kibla. Nasi huku Unguja twaelekea kaskazini, lakini wao huelekea kaskazini mashariki.