Mipaka ya Kukua

Hapa Isinya, kati ya Kitengela na Kajiado, watu hupenda sana kusikia kwamba kitu kimekua. Ndama akikua, mwenyewe hufurahi; majani yakikua baada ya mvua, nchi nzima hufurahi. Nami niliye mwalimu hufurahi nionapo wanafunzi wakirudi kutoka likizo wamenizidi kimo. Hata hivyo, nilijua tangu utotoni kwamba kuna kukua kusikofurahisha.

Mimi nilizaliwa kando ya Ziwa Victoria. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, binti wa jirani yetu alivimba taya. Wazee walidhani ni jino. Baada ya wiki chache uvimbe ulikuwa mkubwa kama embe. Alipofikishwa hospitali, wakati ulikuwa umekwisha kupita, tukamzika. Nikabaki nikijiuliza ni kitu gani kile kilichokua upesi kuliko mahindi shambani.

Jibu nililipata katika chuo cha ualimu, nilipokuwa nikisoma elimu ya viumbe. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa namna hiyo. Mwaka 1958 aliandika habari zake. Na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu yapata kilomita 16,000, kutoka Uganda hata Afrika ya Kusini na kurudi, wakiuliza habari za maradhi hayo katika kila hospitali waliyoifikia. Ilidhihirika kwamba hupatikana hasa katika nchi za joto na mvua, penye malaria nyingi, wala si katika nyanda za juu zilizo kavu kama hizi zetu.

Lakini kwa nini uvimbe huo huenda mbio hivyo, hata ukaweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili? Tutazame ndani ya seli moja ya mwili. Mna kiini, na ndani ya kiini mna doa dogo liitwalo nukleoli. Hicho ndicho kiwanda kinachounda ribosomu, nazo ribosomu ndizo zitengenezazo protini zote za seli. Pasipo ribosomu za kutosha, seli haikui. Kiwanda hicho kina wasimamizi wake, nao ni protini. Mmojawapo huitwa nukleofosmini. Ili kuuchunguza, wataalamu huichukua jeni yake ya kibinadamu na kuipandikiza katika bakteria, nao bakteria huitengeneza protini hiyo kwa wingi. Ndiyo njia iliyotupa insulini ya wagonjwa wa kisukari, iliyoruhusiwa kutumika mwaka 1982.

Aamrishaye kazi iongezwe kiwandani ni protini nyingine, iitwayo MYC. Mwaka huo huo wa 1982 iligunduliwa kwamba, katika maradhi ya Burkitt, jeni ya MYC iliyo katika kromosomu ya 8 huhamia kwenye kromosomu nyingine, aghalabu ya 14, mahali ambapo hainyamazi. Basi amri haikomi, nukleoli haipumziki, na seli huzaana bila mpaka.

Waama, mbio hizo hizo ndizo zenye tumaini ndani yake, kwa maana dawa za saratani huziua hasa seli zinazozaana upesi. Watoto wengi wanaotibiwa mapema hupona.

Kwa hiyo nasema na ninyi vijana. Baadhi yenu mtakuwa wauguzi na walimu, na huenda mkapelekwa Kisumu au Kilifi. Mkimwona mtoto amevimba taya, na uvimbe unaongezeka kila wiki, msikubali kuambiwa kwamba ni jino tu. Mwambieni mzazi wake ampeleke hospitali siku hiyo hiyo, wala asingoje siku ya soko.